Lenzi Ndefu Katika Chumba Kidogo

Salha mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa asubuhi ukiwa mzima, umepanda gari la Handeni kwenda kumuaga bibi yako kule Sindeni, na kabla ya magharibi utakuwa umerudi. Kesho alfajiri ndiyo safari yenyewe. Nimekaa sebuleni na mabegi yako, nikaona bora niandike sasa wakati nyumba imetulia, maana ukirudi wewe watarudi na majirani, na tutakuwa watu wa kumimina chai mpaka tulale.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango wala za kuchemsha maji. Baba yako amekuambia yote hayo, mengine ameyarudia mpaka mimi mwenyewe nimeyashika. Wala sitakufundisha kazi ya maabara, umeisomea wewe, si mimi. Nataka kukujibu lile swali la jana.

Ulikuwa unapiga pasi. Ukaacha pasi, ukaniletea simu yako ukanionyesha kamera: moja ndogo nyeusi, moja kubwa yenye lenzi kama bomba la maji, na nyingine ambayo jamaa wa kwenye video alikuwa anaisifia mpaka jasho linamtoka. Ukasema, "Mama, wewe ndiye mwenye uzoefu. Nikianza kupokea mshahara kule Mpanda, ninunue ipi?" Nikakuambia tutaongea. Ukanitazama kidogo, ukarudi kwenye pasi yako, na nadhani ulihisi nimekupuuza. Sikukupuuza. Jibu lenyewe ni refu, na ndani yake kuna harusi.

Wewe ulipopata akili ulinikuta na kamera, labda unadhani nilizaliwa nayo. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu miaka kadhaa, sijawahi kushika kamera zaidi ya kupigwa picha ya kitambulisho, mpaka mwalimu mwenzetu mmoja alipohamishwa akawa anauza vitu vyake. Nilikwenda kwake kununua jiko la mafuta. Nikakuta jiko limeshachukuliwa. Kilichobaki kilikuwa godoro na kamera ndogo iliyochubuka kona, na godoro sikulihitaji.

Kamera ile ilikuwa na lenzi moja tu, isiyovuta. Ukitaka mtu aonekane mkubwa, unamsogelea wewe mwenyewe kwa miguu yako. Ukitaka nyumba nzima iingie, unarudi nyuma mpaka unakanyaga mchicha wa watu. Mwanzoni niliiona kasoro. Lakini huwezi kumsogelea mtu na kamera mkononi bila kumwambia shikamoo, au habari za asubuhi, au mama unauzaje hizo ndizi. Nilikuwa mtu wa aibu, Salha, ingawa hunijui hivyo. Mji huu wa Korogwe niliishi miaka bila kuwajua watu wake. Kamera isiyovuta ndiyo iliyonilazimisha kusalimiana nao.

Mwenzangu katika ugonjwa huu alikuwa Anko Petro wako, siku hizo nikimwita Mwalimu Petro. Babu yake aliletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge, akabaki, na Petro amezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi kule Ngombezi. Ndiye aliyenipeleka huko mara ya kwanza kupiga picha za nyuzi zikianikwa, safu kwa safu, nyeupe mpaka macho yanauma. Wanawake waliokuwa wanazigeuza walimwita kwa jina lake la utotoni, akaona haya, nikampiga picha akiona haya. Ile picha ninayo mpaka leo na hapendi niwaonyeshe watu.

Ningebaki na kamera ile ningekuwa na amani. Lakini ikaja mahafali ya darasa la saba, shule ikaleta mpiga picha kutoka Tanga. Alikuwa na kamera kubwa, lenzi ndefu, mkanda mpana shingoni. Kila alipopita watu walimpisha. Mwalimu mkuu mwenyewe alimsogezea kiti. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kakitu kangu, mzazi mmoja akaniambia, "Mwalimu, hebu toka hapo kidogo, unamziba mpiga picha."

Neno dogo lile. Nilitoka. Lakini lilinikaa.

Petro naye badala ya kunituliza akanichochea. Alikuwa anashinda kwenye mtandao akisoma habari za kamera, anajua namba zote. "Mwalimu," akaniambia, "huwezi kufika mbali na lenzi isiyovuta. Nunua lenzi ndefu, hiyo hiyo moja inakumalizia kila kitu. Unakaa hapa, unampiga mtu aliye kule ng'ambo ya mto, hana habari." Nilipopata zamu yangu ya upatu nikaenda Dar es Salaam. Kule dukani kijana alinivisha kamera shingoni kama anavyovishwa mtu shada la maua, akarudi nyuma, akasema, "Mama, sasa umekuwa." Hakuniuliza napiga picha za nini. Na mimi sikujiuliza. Niliangalia kioo cha dukani kwake, nikaona namna ninavyoonekana nikiwa na ile kamera, nikalipa.

Hapo ndipo penyewe, mwanangu. Sikununua kitu cha kutazamia watu. Nilinunua kitu cha kutazamwa nacho.

Sasa harusi.

Mama Mwanahawa unamjua, Bi Tatu, ndiye uliyekuwa ukimwita mama mkubwa. Tulikua naye Sindeni nyumba kwa nyumba, tukachota maji pamoja, tukaolewa miaka inayokaribiana, yeye akabaki na shamba lake la mahindi, mimi nikaja huku mjini. Ana mtoto wa kike mmoja tu, Mwanahawa. Mwanahawa alipopata mchumba, kijana mwenye kibanda cha vipuri vya pikipiki pale Segera, Bi Tatu alinipigia simu.

"Mama Salha, ndani kwa mwali hataingia mwanaume na kamera. Wazee wamekataa, na mimi nakataa. Utapiga wewe."

Nikamwambia mimi si fundi, mimi napiga kwa kupenda tu.

"Na mimi nakuita kwa kukupenda tu. Sikiliza. Harusi yangu mimi sina hata picha moja. Si unajua? Hata sura niliyokuwa nayo siku ile siijui. Ya mwanangu nataka niitundike ukutani, nikiamka niione."

Nilikwenda na kamera mpya, ilikuwa na mimi siku chache tu. Ile ndogo niliiacha nyumbani juu ya kabati. Nilijiambia hakuna haja ya kubeba mbili, lakini ukweli nilikuwa naionea aibu mbele ya watu wa kwetu.

Chumba cha mwali ulikiona, wewe ulikuwepo, ulikuwa mdogo umelala kwenye mkeka na watoto wenzako. Chumba kidogo, dirisha limezibwa kanga, taa moja ya sola inayofifia. Mwanahawa amekaa katikati, hina imepanda kutoka vidoleni mpaka karibu na kiwiko, maua juu ya maua, kazi ya siku nzima ya mikono ya kungwi wake. Wanawake wamejaa mpaka mlangoni. Nikainua kamera. Nikaona pua. Lenzi ile ilikuwa ya kuvuta mbali, Salha, haikujua kuona karibu. Nikarudi nyuma, mgongo ukagonga ukuta. Nikaona pua na jicho. Nikapanda juu ya sanduku, bibi mmoja akasema, "Huyu mwalimu anatafuta panya?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao huku jasho linanitoka.

Na mwanga haukutosha. Hili nilikuja kulielewa baadaye: lenzi ndefu za watu kama sisi zina jicho jembamba. Mwanga ukiwa hafifu, kamera inalazimika kukaa imefumbua kwa muda mrefu zaidi ndipo ipate kuona, na muda huo huo wewe unapumua, mkono unachoka kwa uzito, picha inatikisika. Flashi niliijaribu mara moja, bibi wa Mwanahawa akafunika macho yake mabovu akanisihi nisirudie. Nikaizima. Nikaendelea kubonyeza. Kwenye kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera kila picha ilionekana nzuri. Kila kitu kikiwa kidogo hivyo kinaonekana kizuri.

Nilirudi Korogwe, nikakaa na kompyuta ya Petro, tukazifungua. Petro akafungua moja. Akafungua nyingine, na nyingine. Mwanahawa ana nyuso mbili, Mwanahawa ni moshi, Bi Tatu analia lakini machozi ni mstari wa ukungu. Picha moja tu ndiyo iliyotulia katika zote: viatu vya wageni mlangoni, niliyoipiga nje kwenye jua kabla sijaingia.

"Zinaokoka hizi," Petro akasema. "Kuna programu."

Basi tukaingia kwenye programu. Nakuandikia hili kwa sababu najua simu yako imejaa vitu vya namna hiyo, na ni vitu vizuri, hata mimi natumia. Lakini nisikilize yaliyonipata. Niliongeza mwanga, picha zikajaa chengachenga kama televisheni isiyo na antena. Nikatafuta kitufe cha kuondoa chenga. Kikaondoa chenga, kikaondoa na hina. Ile kazi yote ya kungwi, maua juu ya maua, ikawa mikono mitupu kama imetoka kuoshwa. Nikanoa macho, yakawa macho ya paka. Nikalainisha ngozi ili ukungu usionekane, nikaing'arisha, nikaweka na wekundu wa mdomo kwa sababu mdomo ulikuwa umepotea. Kila hatua ilikuwa ya kufunika hatua ya nyuma yake. Wiki zikapita. Narudi kazini, napika, nakwenda kwa Petro, nalainisha.

Siku moja nikaileta moja nyumbani imechapishwa, ile niliyoiona bora. Nikamwonyesha baba yako. Akaishika kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu.

"Nani huyu?"

"Mwanahawa."

"Mwanahawa huyu wa Bi Tatu? Mbona kama tangazo la sabuni?"

Nilimkasirikia siku mbili. Nilimkasirikia kwa sababu alisema kile nilichokuwa nimeshakiona.

Bi Tatu akawa anapiga simu. "Mwenzangu, picha vipi?" Namwambia bado nazisafisha. Anapiga tena, bado nazisafisha. Baba yako akanisikia, akaniambia, "Mwezi unakwisha unazisafisha. Kwani zilianguka matopeni? Nenda kamwambie." Akanipa nauli mkononi, akaniwekea na mfuko wa sukari nisiende mikono mitupu.

Nilimkuta Bi Tatu uani anapepeta mahindi. Alinipokea kwa furaha, akafuta kigoda nikae, akaangalia mkoba wangu. Nikamwambia hivyo hivyo, bila kuzunguka: picha zimeharibika, nilinunua kamera nisiyoijua nikaja kujifunzia kwenye harusi ya mwanao.

Aliendelea kupepeta.

"Zote?"

"Zote."

"Hata moja?"

"Iko moja. Ya viatu mlangoni."

Ungo ukasimama. "Viatu," akasema. "Haya." Akainuka akaingia ndani.

Nilidhani hatatoka. Akatoka na ugali na kisamvu, akanitengea, akakaa nami nikala. Tuliongea habari za mvua. Hakunitukana, hakununa, alinijazia maji ya kunawa. Lakini nilipoaga hakunisindikiza. Wewe umekulia mjini, labda hulioni jambo hilo uzito wake. Tangu tukiwa wasichana, mimi na Bi Tatu hatujawahi kuagana mlangoni. Hufika nami mpaka barabarani, tunaongea, tunarudi nyuma kidogo, tunaongea tena, mpaka gari linapita tunaliacha. Siku ile nilitembea peke yangu mpaka barabarani. Gari lilikuja mara moja.

Niliiweka ile kamera kubwa ndani ya sanduku. Na ile ndogo sikuigusa. Nilijiambia yamekwisha, mimi ni mwalimu, nifundishe kuzidisha na kugawanya, basi.

Sasa nitakuambia Mwanahawa alivyofanya, maana mengi ninayoyajua leo kuhusu picha nimefundishwa na siku ile moja. Alinipigia kutoka Segera.

"Mamdogo, shikamoo. Jumapili uko nyumbani?"

"Marahaba, niko."

"Nakuja na mama. Lakini mama hajui kama anakuja."

Akakata simu huku anacheka. Jumapili asubuhi wakatokea, Mwanahawa na begi, Bi Tatu nyuma yake amefunga mtandio kama mtu aendaye msibani. Alikuwa ameambiwa wanakwenda hospitali kupima macho, na alikuwa bado anauliza hospitali iko wapi. Mwanahawa akafungua begi katikati ya sebule hii hii ninayoandikia. Gauni la harusi.

"Nitalivaa tena," akasema. "Mama akae, mimi nikae, Mamdogo apige. Nani kasema lazima iwe siku ile?"

"Hina haipo," Bi Tatu akasema bila kuniangalia. Na kweli, ilikuwa imebaki rangi ya chungwa kwenye kucha tu.

"Basi haipo. Niliolewa na hina, sasa naishi na kucha."

Baba yako akachukua kofia yake akaondoka kwenda dukani kwake bila kuambiwa. Nikaingia chumbani. Nikafungua sanduku, nikaishika ile kamera kubwa, nikaisikia uzito wake. Halafu nikanyoosha mkono juu ya kabati nikaiteremsha ile ndogo. Nilikuwa naijua. Nilijua inapenda mwanga wa kutoka pembeni, nilijua nisimame wapi, vidole vyangu vilijua kila kitufe bila macho kuangalia. Nikafungua mlango wa mbele wote na dirisha lote. Nikamweka Mwanahawa karibu na mlango, nikamwomba Bi Tatu asimame nyuma yake amfunge gauni.

Akaja kwa kuvuta miguu. Akashika zipu. Akavuta. Ikafika katikati ikakwama. Akavuta tena.

"We Mwanahawa, vuta pumzi."

"Nimevuta."

"Zipu haipandi."

"Najua haipandi, mama."

"Mbona siku ile ilipanda? Umekula nini huko Segera?"

Mwanahawa akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko alichokizuia kikamshinda. Bi Tatu akaiangalia zipu. Akamwangalia mwanawe kisogoni. Nikauona uso wake ukielewa, Salha. Nilikuwa karibu, karibu kabisa, kwa sababu lenzi ile hainiruhusu kuwa mbali. Mdomo ukafunguka, mkono mmoja bado umeshika gauni, mwingine umepanda kichwani. Nikabonyeza.

Halafu akapiga kigelegele kilichowaleta majirani. Akamgeuza mwanawe, akamshika tumbo, akanigeukia mimi kwa mara ya kwanza asubuhi ile akaniambia kwa Kizigua maneno tuliyokuwa tukiambiana tulipokuwa wasichana, ambayo sitayaandika humu. Tulipiga picha nyingi nyingine, wamekaa, wamesimama, wamejipanga vizuri, gauni limefungwa kwa pini nyuma. Zote zilitoka safi. Lakini Bi Tatu alipoziona zote akachagua ile ya kwanza. Kiwiko chake kimekatwa pembeni, na kwenye kona ya chini kuna beseni langu la nguo nililosahau kuliondoa. Nikamwambia beseni naweza kulifuta kwenye kompyuta, ni kazi ya dakika.

"Lifutwe likufanye nini?" akasema. "Si lilikuwepo?"

Niliongeza mwanga kidogo tu kwenye nyuso, nikaacha. Ndiyo iliyopo ukutani kwake Sindeni, umeiona mara nyingi, labda leo pia umeiona. Ulikuwa hujui kwa nini bibi harusi anacheka hivyo. Sasa unajua. Yule aliyekuwa tumboni, ndani ya gauni lile, siku hizi anakushinda urefu.

Jioni ile Bi Tatu alipoondoka mimi ndiye niliyemsindikiza, mpaka stendi, na tuliacha magari yapite.

Nirudi kwenye swali lako. Usije ukasoma barua hii ukasema mama anachukia kamera kubwa. Ile lenzi ndefu nilimwachia Petro kwa bei ya kirafiki, na Petro anapanda nayo milimani kupiga ndege. Amenionyesha ndege mmoja mdogo mwenye tone la umande juu ya mdomo, nikamwomba anionyeshe tena. Lenzi haikuwa mbaya. Niliipeleka mahali pasipo pake, kwa sababu nilichagua kitu kabla ya kujua ninataka kuangalia nini. Na Petro naye alinishauri kwa moyo safi, lakini alikuwa ananieleza kamera yake yeye, ya ndege wake, ambao hata yeye siku hizo alikuwa hajajua kuwa anawapenda. Ndivyo walivyo na hao wa kwenye video. Hawadanganyi. Ila hawajakaa Mpanda, na hawakujui.

Kwa hiyo usinunue kwanza. Fika, upate chumba, uzoee kazi. Piga kwa simu uliyo nayo. Baada ya miezi michache ziangalie picha zote ulizopiga bila mtu kukutuma, nawe utajiona. Ukikuta ni nyuso za watu waliokaa karibu, tafuta kamera ndogo na lenzi moja fupi yenye jicho pana, hata kama imetumika, hata kama imechubuka. Ukikuta ni vitu vya mbali, ndege au ziwa au milima, basi ile kama bomba la maji ni yako, na uzito wake utauvumilia. Na ukikuta hukupiga picha yoyote, mshukuru Mungu, nunua godoro zuri.

Kuhusu kuhariri, nitakuambia moja tu ninalolifanya mimi. Nikishamaliza, namwonyesha mwenye sura. Nikimwona anajitafuta, nafuta nilichofanya naanza upya.

Sasa lililo gumu. Jana usiku baada ya lile swali nilikuona unaiangalia kamera yangu juu ya kabati. Hukusema kitu, umelelewa vizuri. Najua akina mama wengine wangeiteremsha wakaitia kwenye begi la mtoto wakalia. Nimeifikiria sana leo, nimeishika, nimeifuta vumbi.

Sikupi.

Si kwa uchoyo. Nguo zangu chukua, ile kanga mpya nimeshaiweka kwenye begi lako. Lakini kamera bado naitumia. Tangu ulipopangiwa kazi watu wanakuja kunipa pole kana kwamba nimefiwa, nyumba itakuwa kimya, utafanyaje, utazoea. Na ni kweli nitakumiss, kesho nikirudi kutoka stendi sitajua pa kukaa. Lakini nilikuwa mtu kabla sijakuzaa, na nimebaki mtu. Nataka uende ukijua hivyo, usiwe unafanya kazi yako huko huku moyo umegeuka nyuma kunitazama mimi kama mgonjwa.

Mungu akutangulie njiani, akukutanishe na watu wenye heri, na akupe macho ya kuwaona.

Nasikia watoto wa jirani wanaita jina lako barabarani, bila shaka umeshuka. Naacha kalamu nije nikupokee. Jambo la mwisho: Jumamosi mimi na Petro tunapanda Vugiri kupiga picha watu wakivuna maharage, na baba yako ameshaanza kunung'unika nani atampikia. Kule juu mtandao unakatika. Ukinipigia mchana usinipate, usihangaike kupiga kwa majirani. Sijafa kwa upweke. Nimepanda mlima.

Mama yako